Betri Iliyokwenda Harusini

Muscat, 9 Februari 2003

Kwa baba yangu mpenzi, Mwalimu Jaribu,

Assalamu alaykum warahmatullah. Baada ya salamu, nataraji barua hii itakukuta mzima, na dada yangu Mgeni pia, kifua chake kimetulia. Mimi nilifika salama na nimesharudi kazini kwenye gereji ya boti. Wenzangu waliniuliza ile feni ya upepo niliyowaomba nimeipeleka wapi. Nikawaambia iko juu ya nguzo ya mvinje, nyuma ya nyumba yetu Shumba. Wakacheka sana. Wao wamezoea kuiona juu ya mashua za Wazungu tu.

Baba, narudia kwa maandishi yale niliyokwambia kwa mdomo, maana siku ya kuondoka ulikuwa unaniitikia "naam, naam" huku macho yako yapo njiani kwenye gari. Sola zile juu ya bati na feni ya upepo vyote vinalisha betri moja. Kaskazi jua lipo, sola zitafanya kazi. Masika mawingu yakitanda, feni itashika zamu. Ndiyo sababu nikaleta vyote viwili, ili betri isikose chaji mwaka mzima na Mgeni asikose mashine yake ya mvuke siku akibanwa.

Kile kisanduku cha ukutani kina taa. Ikiwa kijani, betri imejaa. Ikiwa nyekundu, msitumie kitu ila mashine ya Mgeni. Na betri isitoke chumbani. Ikibidi itoke, kwanza shusha ile swichi chini ya nguzo, feni isimame. Feni ikizunguka bila betri haina pa kuupeleka umeme wake. Itakwenda mbio mpaka ijivunje, na kisanduku kitaungua.

Unajua kwa nini nasisitiza. Mama alikufa kwa kifua hichohicho, anangoja gari, na mwenye gari yuko ndani kwake anasikia. Mimi nilikuwa huku. Sitaki kupata habari nyingine kama ile.

Mpe Mgeni tende, lakini asizimalize peke yake.

Mwanao,
Himid


Shumba Viamboni, 2 Machi 2003

Kwa mwanangu Himid,

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Sie huku wazima, alhamdulillahi, sina la kushitakia ila macho yangu, ambayo sasa hata mwezi mwandamo naonyeshwa na watu. Kwa hivyo anayeandika ni Mgeni, mie nasema tu. (Na mimi Mgeni nasema: baba anasema kwa kasi kama yuko kwenye mimbari. Mkono unaniuma, kaka. Tende tumezipata. Zimekwisha.)

Feni inavuma mchana kutwa. Mgeni kaipa jina, anaiita Mzungu. Upepo ukizidi anasema, "Leo Mzungu kaamka na hasira zake." Taa ya kisanduku ni kijani siku zote. Ijumaa iliyopita kifua kilimbana tangu asubuhi. Tukatia dawa, mashine ikaunguruma, naye akakaa na ule mdomo wa plastiki usoni. Kabla ya adhana ya adhuhuri alikuwa anauliza tunapika nini. Mie nilitoka nje nikalia. Nilimkumbuka mama yako, na nilikuombea dua ambayo sitakwambia.

Watu bado. Tangu uchaguzi ule nilipokataa kuichana kadi yangu ya chama, unajua tulivyosusiwa, na hata sasa wakubwa wamekwisha kupatana na kupeana mikono, huku kwetu mikono haijafika. Salamu wananiitikia, maana ni faradhi, lakini wananiitikia huku wanakwenda. Nusu ya watu wa mji huu mie ndiye niliyewafundisha alifu. Mkeka wangu wa chuo cha Kurani una watoto wawili, yatima wote, hawana wa kuwakataza.

Dukani ni hivyohivyo. Naweka pesa, naondoka. Na Mgeni hana shoga. Msichana wa umri wake, Himid, anasuka ukili peke yake kibarazani na kuzungumza na feni. (Mzungu ni msikivu kuliko baba.)

Mie kwa nafsi yangu nishazoea. Kinachonikosesha raha ni jeneza la mama yako. Tulilibeba wanne, hakuna wa kupokezana, tukalitua njiani tukapumzika kama watu waliobeba mzigo wa kuni. Nikifa mie, nani atamsaidia huyu mtoto?

Baba yako,
Jaribu


Shumba Viamboni, 20 Aprili 2003

Kwa mwanangu Himid,

Assalamu alaykum. Hatujambo, na mvua zimeanza. Jua hatulioni, lakini Mzungu anafanya kazi kama ulivyosema. Nina habari kubwa na sijui nianze wapi.

Mmanga kaja hapa. Mmanga Mjaka, jirani yetu, mwenye pikapu. Kapiga hodi. Mie nilikuwa natawadha, nikamwambia Mgeni, "Tazama nani," kwa sababu mlango huu ulikuwa haupigwi hodi. Akaingia, akasimama uani, kofia mkononi. Akasema, "Mwalimu, nimekuja na uso mkavu." Mama yake, Bi Mwanawema, kafariki mwezi uliopita, na sasa wanamsomea khitma. Wana spika lakini hawana umeme, na gari lake linakwenda kuchukua jamaa Wete, betri yake haiwezi kukaa. Akaomba betri yetu kwa siku moja.

Nikampa. Swichi nimeishusha kwanza, usiwe na wasiwasi. Lakini mwanangu, si betri tu. Akaniambia, "Na weye Mwalimu uje, dua hatuna wa kuisoma." Nikaenda. Nimekaa mbele, nimesoma, watu wameitikia amin. Wamenishika mkono mmoja baada ya mwingine. Baadhi yao sikuwaona vizuri, nikawajua kwa sauti, na sauti nyingine zimekua, nilikuwa nazijua za kitoto.

Betri imerudi na taa nyekundu. Ilipofika alasiri ya kesho yake Mzungu alikuwa kashaijaza.

(Kaka, mimi sikufurahi. Siku ya mama lile gari lilikuwa uani kwake, nililiona kwa macho yangu, nimesimama mlangoni kwake napiga kelele. Nimemwambia baba hivi. Kasema niandike kama nataka. Basi nimeandika.)

Baba yako,
Jaribu


Muscat, 11 Mei 2003

Kwa baba,

Assalamu alaykum. Nataraji hamjambo. Mimi sijambo, ila barua yako imenitia homa.

Baba, betri ile sikuileta kwa ajili ya Mmanga. Sikuileta kwa ajili ya spika. Nimeibeba kutoka huku kama yai, nimegombana na watu bandarini, ili Mgeni avute pumzi. Sasa nasikia imekwenda kwa mtu ambaye mama alikufa anaita jina lake! Kama anataka dua, aje asomewe. Betri haihusiki.

Nikueleze tena. Betri ikimalizwa mpaka nyekundu mara kwa mara, inakufa. Haifi siku moja, inazeeka haraka, inaanza kudanganya, taa ya kijani na ndani hamna kitu. Na ikiwa nje ya nyumba hata saa moja, ndiyo saa hiyohiyo Mgeni anaweza kubanwa. Kifua hakipigi hodi.

Wakija tena waambie si yako, ni ya Himid, na Himid kakataza. Nitie mimi ubaya wote. Mimi niko mbali, hawana cha kunifanya.

Mgeni, wewe unaandika barua hizi, kwa hivyo najua unasoma na hapa. Usikubali.

Mwanao,
Himid


Shumba Viamboni, 1 Juni 2003

Kwa mwanangu Himid,

Waalaykumu ssalaam. Sie wazima, kusi limeshika, nguo hazikauki bila kufungwa kwenye kamba. Barua yako nimesomewa yote, na Mgeni hakuruka neno, hata yale uliyonikaripia. (Nilisoma kwa sauti ya kaka hasa.)

Mwanangu, una haki. Lakini nisikilize na mie. Umeniambia niwaambie si yangu. Watu hawa nimewafundisha mimi mwenyewe kwamba kunyima chombo cha kuazima ni katika mambo yaliyokemewa ndani ya Kurani, sura fupi, wanaisoma kila siku katika sala. Nitawaambia nini? Mtu amekususia miaka, siku anayokuja anakuja na haja, kwa sababu bila haja ana haya. Ukimnyima haja yake umemrudisha nyumbani kwake na haya zake, na hatakuja tena. Hakuja kwa ajili ya betri, Himid. Betri ndiyo ilimpa sababu.

Imetoka tena mara moja, maulidi ya msikitini. Kila mara nimeshusha swichi. Mkeka wa chuo sasa hauwatoshi watoto, na Mmanga kamleta wake mdogo, Mwanabaraka, ana sauti nzuri ya kusoma ila anakohoa.

Sasa Mgeni anasema nimwache aandike yake.

(Kaka, nilikataa mwanzo, unajua. Sasa nakwambia mwache baba. Juzi nimeitwa kwenda kuchambua mchele wa arusi. Mimi! Nimekaa na wenzangu, tumeimba, tumesengenya watu mpaka mbavu zinauma. Sikubanwa kifua hata kidogo. Hujui mimi nilivyokuwa. Unajua pumu tu. Usimkasirikie baba, na kama hasira hazikwishi nitumie khanga, zitapungua.)

Baba yako,
Jaribu, na dadako Mgeni


Muscat, 22 Juni 2003

Kwa baba yangu na Mgeni,

Assalamu alaykum. Nimeisoma barua yenu nikakaa nayo. Sisemi nimekubali. Lakini Mgeni kasema sijui alivyokuwa, na ni kweli, sikujua. Nilidhani kukaa kwake kimya ni tabia.

Basi nimefanya hivi. Nimenunua betri ya pili, kubwa kuliko ile. Inakuja na mzigo mpaka bandari ya Wesha, na Mabruki, huyu anayetuchukulia barua, nimeshamwagiza akaipokee aifikishe Shumba. Hiyo ndiyo ya harusi, maulidi na khitma. Iazimeni mpaka ichakae, sitauliza. Ya kwanza iachwe chumbani ilipo. Mpaka hiyo ya pili ifike, baba, nakuomba kwa haki ya mama, msitoe kitu. Ni wiki chache tu. Niahidi.

Khanga zimo ndani ya boksi la betri. Mgeni achague, nyingine amuwekee shoga yake mpya.

Mwanao,
Himid


Shumba Viamboni, 15 Julai 2003

Kwa mwanangu Himid,

Assalamu alaykum. Mwanangu, utaona mkono si ule uliouzoea. Ni herufi zangu za chuoni, alifu na be, nimeziandika kubwa kwa sababu ya macho, nawe nilikufundisha kuzisoma. Sitaki ujue kwa kubahatisha. Kaa chini. Kama upo na mtu, mwambie asiondoke.

Mgeni hatunaye. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Barua yako ya betri ya pili tuliipata na tukaisoma pamoja. Alifurahi. Alisema, "Mzungu sasa ataoa mke wa pili." Tukakubaliana ya kwanza haitoki. Nilikuahidi moyoni na nilikuwa nangoja mtu wa kuja huko nikuandikie. Kisha Jumatano Mmanga akaja. Anamwoza binti yake mkubwa, betri aliyoahidiwa kutoka Konde haikuja, wageni wamekwisha kukaa. Nikasema hapana. Wallahi nilisema. Mgeni akatoka chumbani, kavaa lile gauni lake la kijani, akasema, "Baba, mpe leo tu. Mimi ndiye mpambe wa biharusi, nikapambe gizani?" Nikamtazama. Nikampa.

Nyumba ilikuwa imejaa wasichana waliomfuata, wanapakana hina, wanacheka. Uani kwetu, Himid, pale pale. Mmanga akaibeba betri kwenye baiskeli, maana gari lake lilikuwa limekwenda kuchukua jamaa, mie nikamfungulia mlango, kisha nikasimama nawasikiliza wale wasichana. Swichi sikuishusha. Usiniambie ni uzee. Niliisahau kwa furaha.

Sote tukaenda harusini. Upepo ukazidi alasiri. Tukasikia mlio kutoka kwetu kama bati linapasuliwa. Nilipofika, feni imevunjika, panga lake moja limerukia mgombani, na kile kisanduku kinatoa moshi. Mgeni kanishika bega, kasema, "Hapana neno baba, kaka atachukia siku mbili, halafu basi."

Betri ilirudi kesho yake, tupu. Feni haipo. Jua lilikuwepo na sola zipo juu ya bati, lakini kisanduku kimeungua, hakuna njia ya umeme kuifikia betri. Tulipanga Jumamosi nitafute fundi Wete.

Ijumaa asubuhi akabanwa. Ule moshi wa majiko na udi alikuwa ameuvuta siku nzima. Nikamtilia dawa, mashine ikaunguruma kidogo, ikapunguza, ikanyamaza. Nikaibonyeza tena. Nikaibonyeza mpaka kidole kikauma. Alikuwa anaitazama mashine, halafu ananitazama mie. Nikatoka nje nikaita jina la Mmanga. Akaja mbio, hana viatu, hana kofia, gari limekwisha kuwaka. Hakukawia, mwanangu, nataka ulijue hilo. Baadaye vijana walisema mashine ingefungwa kwenye betri ya gari. Baadaye kila mtu ana akili. Tulikuwa tumekaribia spitali ya Micheweni alipouachia mkono wangu.

Walikuja wote. Hata wale ambao hawakuwa wamerudi, walirudi siku ile. Wanawake waligombania kumwosha. Kaburi lilichimbwa kabla sijauliza nani atachimba. Jeneza lilikwenda kwa kupokezana, mikono juu ya mikono, halikugusa chini hata mara moja, na mie baba yake nilitafuta nafasi ya kutia bega nikaikosa mpaka mtu mmoja aliponivuta kwa mkono.

Betri yako ya pili ilifika siku ya tatu ya matanga. Mabruki aliingia nayo, akawaona watu, akaiweka chini mlangoni na kukaa juu yake akalia. Ipo chumbani mwa Mgeni. Boksi sijalifungua.

Baba yako,
Jaribu


Muscat, 10 Agosti 2003

Mwalimu Jaribu,

Assalamu alaykum. Barua nimeipata. Mungu amrehemu Mgeni na amuweke pamoja na mama.

Nilisema betri isitoke.

Himid


Shumba Viamboni, 28 Novemba 2003

Kwa mwanangu Himid,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Idi imepita, nakupa mkono wa Idi kutoka mbali. Nataraji u mzima. Mie sijambo kwa mwili.

Hii ni barua ya tatu tangu ile yako ya Agosti. Mabruki anasema zile mbili alikukabidhi mkononi, na kwamba ulizitia mfukoni ukamuuliza habari za bei ya karafuu. Nimefurahi kusikia zilikufika.

Ile barua yako ni fupi, nimeisoma mwenyewe, nikaiweka karibu na macho. Yaliyomo ni kweli. Ulisema isitoke. Kuna na mambo hukuyaandika, hukuandika baba pale juu wala mwanao pale chini. Nilidhani karatasi imekatika, nikaipeleka juani kuitazama.

Himid, mie nimesusiwa na mji mzima, na nikaweza. Nilikuwa nakwenda dukani nikirudi naona nyumba yangu ina taa, na ndani yumo mtu anayenisema kwa kuchelewa. Na wewe uko huko unaniandikia. Nilikuwa na watu wawili na walinitosha. Sasa wamejaa hapa. Wananiletea futari, wananipikia, wanatuma watoto wanifulie. Kila magharibi kibaraza kina watu. Nakaa nao nikawajibu, na wakiondoka nawashukuru, na hakuna hata mmoja ninayetaka kumwona.

Kususiwa na wewe siwezi. Nakwambia kama lilivyo.

Nitukane, kama matusi ndiyo yaliyobaki. Nitayasoma.

Baba yako,
Jaribu


Shumba Viamboni, 14 Februari 2004

Kwa mwanangu Himid,

Assalamu alaykum. Nakuombea afya. Leo sikuandikii habari zangu.

Yule mtoto mdogo wa Mmanga, Mwanabaraka, nilikwambia anakohoa. Sasa imejulikana, ni pumu. Anasoma juzuu ya amma na akifika katikati ya sura pumzi inamwishia, anaweka kidole kwenye mstari, anangoja, halafu anaendelea. Usiku nasikia kifua chake hadi uani kwangu. Nakijua mlio ule. Mara tatu Mmanga kamkimbiza spitali, na gari lenyewe sasa limechoka.

Mashine ya Mgeni ipo kabatini, nimeifunga kwa kitambaa. Mmanga anajua ipo. Mkewe anajua. Hawaombi. Wanakaa pale kibarazani na mtoto wao anavuta pumzi kama msumeno, na wanazungumza habari ya mvua. Juzi nilimwambia, "Mmanga, mashine ipo." Akainuka akaenda zake, akasimama nyuma ya ukuta, nikamsikia.

Nimemleta fundi kutoka Wete. Kasema sola ni nzima, na betri kubwa ile uliyoileta haijaguswa. Nimelifungua boksi mbele yake. Zile khanga nimezitoa nimeziweka. Kasema kisanduku hakipatikani hapa wala Unguja, na feni inataka mapanga mapya, ya aina yake. Na kwamba masika inakuja, sola peke yake haitaweza siku za mawingu. Wewe ulinieleza hivyo mwaka jana na nilikuwa naitikia tu.

Vitu ni vyako. Nikivigawa bila kukuuliza nitakuwa nimerudia. Basi nakuuliza. Ukisema hapana, nitajua nimwambie nini mtoto, na sitaweka jina lako.

Baba yako,
Jaribu


Shumba Viamboni, 2 Mei 2004

Kwa mwanangu Himid,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Boksi limefika. Juu yake umeandika: "Mtoto Mwanabaraka Mmanga, kwa mkono wa Mwalimu Jaribu." Nikamwita mwenyewe aje alifungue. Alikata kamba kwa meno, ana haraka yule. Ndani mapanga ya feni, yamezungushiwa magazeti ya Kiarabu, na kisanduku kipya, na dawa za mashine.

Walipokwenda zao nilibaki na yale magazeti. Nimeyakunjua moja moja. Nimeyatazama mbele na nyuma, nimetia mkono mpaka pembe za boksi. Nilichokipata ni kipande cha plasta ulichokibandika kwenye waya wa feni, na mkono ni wako, najua unavyoikata shini: "Kwanza shusha swichi." Nimekisoma. Kipo palepale kwenye waya, sikukibandua, maana ndipo pake.

Fundi kamaliza kufunga Alhamisi. Feni inazunguka, betri imekaa nyumbani kwa Mmanga sasa, karibu na kitanda cha mtoto, nguzo na sola tumevihamishia kwake. Nilisema mbele ya watu, msikitini, baada ya sala ya Ijumaa, kwamba betri ile haiazimwi, iwe harusi iwe maiti, na atakayeiomba aje aniombe mie. Hakuna aliyenuna. Ilikuwa ni neno jepesi hivyo, Himid. Lilikuwa linangoja mtu aliseme.

Jana mvua ilinyesha tangu asubuhi, na upepo, na Mwanabaraka akabanwa. Mashine ikaunguruma mpaka ikamaliza dawa yote. Kisha akaja chuoni, kalowa, kasoma sura yake mpaka mwisho bila kutua. Watoto wenziwe wakampigia makofi. Mie nikawaambia nyamazeni, kwenye Kurani hapapigwi makofi, nikaingia ndani.

Huku kwangu nyuma hakuna mvumo tena, na sijazoea.

Sitakuandikia tena kukudai jibu. Mabruki ni mtu mzima, sipendi kumbebesha maneno yasiyorudi. Ila nilikufundisha ungali mdogo, umekaa kwenye goti langu hili, kwamba kuanza salamu ni sunna na kuitikia ni faradhi. Silisemi nikufunge nalo. Nasema kama huwezi kuiandika, basi nimekusalimia pale juu ya barua hii, nawe itikie hukohuko uliko, mdomoni mwako, hata mie nisisikie.

Baba yako,
Jaribu